Maji ya Betlehemu na Safari ya Zuhura

Nyota ing'aayo kuliko nyota zote, ile inayotangulia mapambazuko juu ya vilima vya Ituri, na miezi mingine huonekana upande wa magharibi jua likiisha kutua, ndiyo nyota ya asubuhi. Wakristu hulisikia jina hilo katika Litania ya Bikira Maria, kwa kuwa Mama wa Mungu alitangulia kama nyota ile inavyotangulia, na baada yake akaja Kristu, Jua la haki. Watu wa pwani, waliopokea elimu ya nyota kwa Waarabu, huiita Zuhura. Kwa kweli si nyota, bali ni sayari, yaani dunia nyingine isiyo na nuru yake yenyewe, izungukayo jua kama dunia hii ilizungukavyo. Upana wake ni kilomita 12,104, na upana wa dunia ni kilomita 12,756. Ni kama ndugu wawili waliofuatana kuzaliwa. Tena hakuna sayari ifikayo karibu na dunia kuliko hiyo, maana ziko nyakati ambapo umbali ulio kati yao haupiti sana kilomita milioni 40.

Lakini jirani huyo ni mkali. Zamani, wataalamu walipoyatazama mawingu yake meupe yasiyofunuka kamwe, baadhi yao walidhani kwamba chini yake kuna maji mengi na misitu mizito kama ile ya Mambasa. Tarehe 14 Desemba 1962 chombo cha Wamarekani kiitwacho Mariner 2 kilipita kando yake, mbali kilomita 35,000 hivi, kikapima joto lake, na ndoto ile ikaisha. Ardhi ya Zuhura ina joto la digrii 460 na zaidi, mchana na usiku, wakati madini ya risasi huyeyuka kwa digrii 327 tu. Hewa yake karibu yote ni hewa ukaa, ile itokayo motoni na katika pumzi ya viumbe, na uzito wake huupita uzito wa hewa ya dunia mara 90, sawa na uzito unaombana mtu aliyezamishwa mita 900 chini ya maji. Mawingu yenyewe ni matone ya asidi kali, ile itiwayo katika betri za motokari. Mtu akishushwa pale bila kinga, hatamaliza ishara ya msalaba.

Waliojaribu zaidi kushuka ni Wasovieti. Chombo chao Venera 3 kiligonga Zuhura tarehe 1 Machi 1966 kikiwa tayari bubu. Vingine vilipondwa na uzito wa hewa kabla ya kufika chini. Tarehe 15 Desemba 1970 Venera 7 ilifika ardhini, ikatuma habari hafifu kwa muda wa dakika 23, kisha ikanyamaza. (Siku tatu kabla yake, tarehe 12 Desemba, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliani lililo baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi katika Kenya, kwa hiyo mambo haya si mageni kabisa kwa Afrika.) Venera 13, iliyoshuka tarehe 1 Machi 1982, ilitengenezwa iishi dakika 32; ikavumilia dakika 127, ikaleta picha za mawe bapa chini ya mbingu ya rangi ya machungwa. Kazi ya miaka mingi na ya mikono mingi, na maisha yake ni saa mbili na dakika saba! Hata hivyo hamu haikuisha. Mwaka 2021 zilitangazwa safari nyingine tatu: mbili za Marekani, DAVINCI na VERITAS, na moja ya Ulaya, EnVision.

Basi watoto wa shule huuliza, na wazazi wao huuliza kwa ukali zaidi: yafaa? Jirani asiyetaka kutembelewa, wa nini kumpigia hodi? Swali hilo si la kuchekwa. Katekista anayelijibu kwa mzaha huwafundisha watoto kwamba imani haina neno juu ya mambo makubwa ya wakati huu, na watoto hawasahau.

Wako wasemao kwamba Mungu aliwapa wanadamu ardhi, mbingu akajiwekea mwenyewe, basi arukaye huko amevunja mpaka. Kanisa halikufundisha hivyo. Mwezi wa Septemba 1956, kabla hata setilaiti ya kwanza haijarushwa, wataalamu wa safari za angani walikutana Roma, na Baba Mtakatifu Pius XII akawapokea. Aliwaeleza kwamba Mungu ndiye aliyetia moyoni mwa mtu hamu ya kujua, wala hakuiwekea hamu hiyo ukuta kwenye mwisho wa hewa. Wanaotaja mnara wa Babeli na wasome vizuri sura ya 11 ya Mwanzo: dhambi ya watu wale haikuwa matofali wala urefu wa jengo. Walitaka kujifanyia jina.

Iko habari nyingine katika Maandiko iliyo karibu zaidi na jambo hili. Kitabu cha Hesabu, sura ya 13, chasimulia jinsi Musa alivyotuma watu kumi na wawili kuipeleleza nchi ya Kanaani, iliyopakana na jangwa walimokaa. Walizunguka siku arobaini, wakarudi na kichala cha zabibu kilichochukuliwa na watu wawili kwa mti. Kumi kati yao wakasema kwamba nchi ile huwala wakaaji wake, na ya kuwa wao mbele ya wenyeji walikuwa kama panzi. Yoshua na Kalebu hawakukana hata hatari moja; walisema tu kwamba inafaa kwenda. Wahubiri wengi hukomea hapo, wakawasifu mashujaa wawili, mahubiri yakaisha. Walakini yafaa sura ya 14 isomwe mpaka mwisho. Watu walewale walioogopa jana walijitia ushujaa kesho yake, wakapanda mlimani bila Musa na bila Sanduku la Agano, wakapigwa mpaka Horma. Nchi ilikuwa ileile, na adui yuleyule. Siku ya kwanza walikosa kwa woga, siku ya pili kwa ujeuri. Ukubwa wa hatari peke yake haulijibu swali. (Wala mtu asije akafundisha kwamba Zuhura au Mirihi ni Kanaani mpya, nchi hizo Mungu hakumwahidi mtu yeyote.)

Tena watu walikufa kwa ajili ya kuijua Zuhura zamani, kabla roketi hazijabuniwa. Mara chache sana sayari hiyo hupita katikati ya jua na dunia, ikaonekana kama doa jeusi linalotambaa polepole juu ya uso wa jua. Saa za kupita kwake zikipimwa katika nchi zilizo mbali mbali, wataalamu huweza kuhesabu umbali wa jua lenyewe. Ndiyo maana mwaka 1761, na tena mwaka 1769, wapimaji walitawanyika duniani kote. Mmoja wao alikuwa Mfaransa aliyepokea daraja takatifu, Abate Jean-Baptiste Chappe d'Auteroche. Safari ya kwanza alikwenda Tobolsk katika Siberia, akipita juu ya theluji na mito iliyoganda. Mto wa huko ukafurika, na wenyeji wakasema kwamba ni yeye aliyeuchokoza kwa vyombo vyake alivyovielekeza juani, ikabidi alindwe na askari. Msomaji asiwacheke, katika kila nchi mgeni mwenye chombo kisichofahamika hushukiwa kwanza, na Kongo ni vilevile.

Safari ya pili alivuka bahari na nchi yote ya Meksiko, akafika katika misioni ya San José kwenye ncha ya California mwezi wa Mei 1769. Akakuta homa kali ya kuambukiza inawaua watu wa misioni. Maofisa wa Hispania waliofuatana naye walitaka wahame wakapimie mahali pengine. Alikataa, kwa kuwa siku zilizobaki zilikuwa chache na vyombo vilihitaji kutengenezwa mahali pamoja. Tarehe 3 Juni alipima kila kitu kama alivyotaka. Kisha homa ikaingia katika msafara. Yeye naye akaugua, akafa tarehe 1 Agosti, na wengine wa msafara wake wakafa vilevile. Waliopona wakazifikisha hesabu zake Paris, na pamoja na hesabu za wapimaji wengine zikasaidia kujulisha ya kuwa jua li mbali karibu kilomita milioni 150. Kila kitabu cha shule kinachotaja umbali huo kina deni kwa kaburi lile la California.

(Jambo hilo la Zuhura kupita mbele ya jua lilionekana hata Bunia, tarehe 8 Juni 2004, tangu saa moja na robo asubuhi mpaka saa saba na nusu mchana. Vita vya Ituri vilikuwa havijaisha, na bila shaka wachache sana walikuwa na nafasi ya kulishughulikia jua. Litaonekana tena duniani mwaka 2117.)

Je, Abate Chappe alifanya vema? Uhai wake alikuwa amekabidhiwa na Mungu kama amana. Amana huweza kutolewa kwa ajili ya jema kubwa, na kuijua kazi ya Mwumba ni jema kubwa. Hatari aliijua, na hakuna aliyemficha. Kwa upande huo asifiwe. Lakini wale waliotaka kuhama? Walikuwa na uhai wao, na yeye aliuweka mezani pamoja na wake. Hapo sifa yake inapungua.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika nambari ya 2269, inapofafanua amri ya tano, inafundisha kwamba ni haramu kumtia mtu katika hatari ya kufa pasipo sababu nzito. Kufundisha hivyo ni rahisi; shida ni kuipima hiyo sababu, iwe nzito kiasi gani, na nani aipime. Mfalme Daudi aliipima katika Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23. Alikuwa amejificha pangoni, na kikosi cha Wafilisti kilikuwa Betlehemu, mji wake wa kuzaliwa. Akatamani kwa sauti maji ya kisima kilicho mlangoni mwa mji ule. Mashujaa watatu wakayasikia, wakapenya katikati ya maadui, wakateka maji, wakamletea. Daudi akayatazama, wala hakuyanywa. Aliyamwaga mbele ya Bwana, kwa sababu aliona kwamba yale si maji tena, bali ni damu ya watu walioyaendea.

Wengine hushangaa: je, hakuwavunja moyo mashujaa wake? Hakuwavunja. Aliwaonyesha kwamba uhai wao ni ghali kuliko kiu ya mfalme. Kama watu wa pangoni wangalikuwa wanakufa kwa kiu, maji yale yangalinywewa kwa shukrani, na hakuna ambaye angaliwalaumu. Basi kipimo ni hiki: nani anayekwenda kisimani, nani atakayekunywa, na ni kiu ya namna gani.

Kwa kipimo hicho safari ya Zuhura ni nyepesi kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Hakuna mtu atumwaye kushuka kule. Vinavyokwenda ni vyombo, na chuma hakiachi mjane. Na maji yaliyotekwa huko yananyweka hata Ituri. Sayari ya Utaridi iko karibu na jua kuliko Zuhura, na hata hivyo Zuhura huishinda kwa joto. Sababu ni hewa yake. Ile hewa ukaa huupokea mwanga wa jua, lakini joto likitaka kutoka hulizuia, kama blanketi lifanyavyo juu ya mgonjwa wa homa. Dunia nayo ina blanketi la namna hiyo, jembamba, lililowekwa kwa kadiri ili viumbe waishi; na wanadamu wanaendelea kuliongeza unene kwa moshi wa viwanda na kwa kuchoma misitu. Mkulima wa Irumu anayeuliza kwa nini majira ya mvua hayaeleweki kama zamani anauliza neno ambalo Zuhura imesaidia kulijibu. Kumjua jirani aliyeungua humfundisha mtu kuitunza nyumba yake.

Neno huwa zito pale anapotumwa mtu. Watu hawawezi kuishi Zuhura, basi macho ya wengi yako kwa jirani wa upande wa pili, Mirihi, ile sayari nyekundu. Huko ni baridi kali, hewa haifiki sehemu moja kwa mia ya uzito wa hewa ya dunia, na miale ya jua na ya anga hupiga bila kizuizi. Safari ya kwenda huchukua miezi sita hata tisa, na kwa mipango iliyo mingi kwenda na kurudi ni karibu miaka mitatu. Mtu akivunjika mguu huko, hakuna wa kumfikia; hata sauti yake huchukua dakika nyingi njiani kabla ya kusikika duniani.

Wanaanga waliokufa hawakosekani katika historia. Tarehe 27 Januari 1967 Wamarekani watatu waliungua ndani ya chombo cha Apollo kikiwa bado juu ya ardhi katika majaribio. Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, Mrusi Vladimir Komarov alianguka na Soyuz 1. Watatu wengine, wa Soyuz 11, walikosa hewa wakirudi mwezi wa Juni 1971. Kisha ikaja siku ya Challenger, tarehe 28 Januari 1986, walipokufa saba, na mmoja wao, Christa McAuliffe, alikuwa mwalimu wa shule aliyechaguliwa ili afundishe watoto kutoka angani. Habari ya Challenger inastahili kufikiriwa na kila mtu mwenye mamlaka juu ya wengine. Usiku wa kuamkia siku ile mafundi waliojua sehemu za roketi walionya kwamba baridi imezidi, na ya kuwa mipira inayoziba maungio yake huenda isishike. Wakuu waliwasikiliza, wakabishana nao, mwisho wakaamua iruke. Wale saba waliolala wakiingoja safari hawakuambiwa mabishano yale.

Hapo Daudi angalimwaga maji. Kosa halikuwa kuruka, maana wale saba walikuwa watu wazima waliojitoa kwa hiari, wala mwalimu yule hakulazimishwa. Kosa ni kwamba walioijua hatari ya siku ile walikuwa wengine, na walioibeba walikuwa wengine. Hiari ya mtu asiyeambiwa kweli ni nusu hiari. Na Shetani alimsimamisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe, malaika wamdake. Mathayo anasimulia katika sura ya 4 jinsi Yesu alivyokataa, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Bwana huyohuyo baadaye alikwenda Yerusalemu akijua wazi kifo kinachomngoja. Hakuwa mwoga kwenye kinara, wala hakuwa jeuri njiani kwenda Kalvari. Mtu akitumwa Mirihi kwa sababu taifa moja lataka kutangulia lingine, au tajiri ataka jina lake lisomwe katika magazeti, huko ni kwenye kinara. Akienda kwa hiari, amekwisha kuambiwa yote, vyombo vimejaribiwa na kujaribiwa tena, na kazi yenyewe haiwezi kufanywa na mashine, dhamiri ya Kikristu haina haki ya kumzuia.

Yabaki neno la fedha. Huko Betania, kama Yohane asimuliavyo katika sura ya 12, Yuda alilalamika kwamba marhamu ya thamani ingaliuzwa, maskini wakapewa. Alisema hivyo kwa moyo wa wizi. Lakini si kila asemaye neno hilo ni Yuda; mama wa Bunia aliyeuza muhogo kutwa nzima ili alipe masomo ya mtoto ana haki ya kuuliza mabilioni yanakwenda wapi. Na ajibiwe kwa hesabu. Mwaka 2024 Marekani iliipa NASA, shirika lake la safari za angani, karibu dola bilioni 25. Mwaka 2023 mataifa yote pamoja yalitumia dola bilioni 2,443 kwa majeshi na silaha, kwa hesabu ya taasisi ya SIPRI ya Stockholm. Hiyo ni karibu mara mia. Risasi zilizoanguka juu ya mabati ya Bunia mwaka 2003 hazikutoka katika mfuko wa Zuhura. Anayetaka kuwapunguzia maskini mzigo na aanze na mfuko ule mkubwa.

Walakini hesabu hiyo haimalizi deni lote, kwa sababu safari za mbinguni huanzia katika ardhi ya mtu fulani. Mwaka 1976 serikali ya Zaire iliikodisha kampuni ya Kijerumani OTRAG eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi katika Shaba, yaani Katanga, ili irushe roketi zake kutoka nyanda za juu karibu na mto Luvua. Mkataba ulikuwa kati ya kampuni na utawala wa Mobutu. Roketi ya kwanza iliruka mwaka 1977. Ya tatu, mwezi wa Juni 1978, ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe, na mwaka 1979 kazi ikafungwa. Wanakijiji wa Luvua hawakuwa na kiu yoyote ya nyota, na eneo lililokodishwa lilikuwa kubwa kuliko nchi nyingi za Ulaya.

Ituri yenyewe haiko mbali na mambo haya. Kioo cha kofia ya mwanaanga hupakwa dhahabu nyembamba sana, ili miale ya jua isimwunguze macho. Dhahabu ya Kilo imechimbwa tangu mwaka 1905, na baada ya kuyeyushwa hakuna awezaye kusema ni ya shimo lipi. Mchimbaji wa Mongbwalu anayeshuka shimoni na tochi iliyofungwa kichwani, bila kofia ngumu, bila mti wa kuzuia udongo, anakwenda kisimani kama wale mashujaa watatu. Tofauti ni kwamba hakuna mfalme anayeyatazama maji yake kabla ya kuyanywa. Mwanaanga hupimwa na madaktari wengi, na habari zake hutangazwa duniani kote. Mchimbaji akifukiwa, hutangazwa kanisani Jumapili, basi. Kanisa likiulizwa kama safari za sayari zafaa, haliwezi kumhesabu mmoja likamwacha mwingine.

Maana ile nambari ya 2269 ya Katekisimu ina neno la pili, na mara nyingi husahauliwa: kumnyima msaada mtu aliye hatarini ni kosa la amri ileile. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022 watu zaidi ya 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, katika Djugu. Mwezi huohuo wajumbe waliotumwa na serikali kwenda kuzungumza amani na wenye silaha walishikwa mateka katika Djugu hiyohiyo. Kutoka Bunia si mbali. Kilomita zake ni za makumi, si za mamilioni. Kuna ujirani mkali usiohitaji roketi, na kumwendea jirani huyo kunamtaka mtu ajue hatari, aende kwa hiari, asitafute jina, naye aliyemtuma asimfiche kitu. Ni masharti yaleyale ya Mirihi. Kijana anayevutiwa na mashujaa wa anga na aonyeshwe pia hao waendao Djugu, asiambiwe kwamba hao wa kwanza ni wapumbavu.

Katekista mmoja mmoja ataulizwa pia jambo dogo, ambalo watoto hulipenda kuliko yote: mwanaanga Mkatoliki husali wapi? Mwezi wa Aprili 1994 Wakatoliki watatu walipokea Ekaristi Takatifu ndani ya chombo Endeavour kilipokuwa kikiizunguka dunia, na mwaka 2013 Mike Hopkins alipewa ruhusa kuchukua hostia zilizogeuzwa mpaka kituo cha angani, akakomunika huko. Hao walikuwa kilomita mia chache tu juu ya vichwa vya watu. Katika safari ya miaka mitatu hali itakuwa nyingine, na ni hali inayojulikana sana vigangoni: padri hafiki, Misa Takatifu hakuna, mgonjwa anazidi. Wakristu wa vijiji vya Irumu na Mambasa wameishi hivyo miezi mingi njia zilipofungwa na vita. Yule afaye mbali na padri, akiwa katika Mirihi au katika msitu wa Ituri, hupata ondoleo la dhambi zake kwa majuto kamili, yale yatokayo katika kumpenda Mungu kuliko vitu vyote, pamoja na nia thabiti ya kuungama mara itakapowezekana. Sala ya kutubu atakayoisema huko ni ileile ambayo watoto wa darasa la tatu hujifunza kwa moyo, na yafaa wajifunze kuisema wakiwa peke yao, pasipo mwalimu kuwatangulia.